Kujenga na kuboresha kifaru cha resini cha 1:35: mwongozo kamili kwa fundi wa Kigoma

Seti ya plastiki ya kiwandani ya kujengea modeli ya kifaru cha vita, kwa kipimo cha 1:35 (mm 1 ya modeli ni mm 35 za kifaru halisi), ina raha yake: vipande vimetoka kwenye kalibu ya chuma, vinapachikana vyenyewe, na gundi yake inayeyusha plastiki mpaka viwili vinakuwa kimoja. Resini ni habari nyingine. Humiminwa ikiwa majimaji kwenye kalibu ya mpira wa silikoni, mara nyingi kwa mkono, na kalibu hiyo huchakaa haraka. Kinachofika kwenye boksi ni bodi iliyopinda, magurudumu yenye shina nene la resini na viputo vya hewa vilivyojificha chini ya ngozi. Theluthi mbili ya kazi ni kunyoosha na kupima. Bodi ikipinda nusu milimita, magurudumu hayagusi meza, minyororo haikai, na hakuna rangi itakayoficha hilo.

Mfano wetu hapa ni Type 59 ya China, nakala ya T-54A ya Kisovieti, kifaru cha tani 36 chenye mzinga wa mm 100 na wanajeshi wanne ndani. JWTZ imekitumia, pamoja na mdogo wake Type 62, kwa hiyo si kitu kigeni kwetu. Seti za plastiki za kifaru hiki zipo pia, na hiyo ni faida kwa mwenye resini: mtutu wa aluminiamu au minyororo iliyotengenezwa kwa ajili ya plastiki huingia na huku. Ukiwa na seti ya kifaru kingine, badilisha vipimo tu. Njia ni ileile.

Hesabu, osha, pima

Panga vipande kwenye sinia na uvilinganishe na karatasi ya maelekezo. Kilichovunjika au kukosekana kipige picha umtumie muuzaji siku hiyohiyo. Watengenezaji wa resini ni wadogo, wanamimina seti chache. Ukikaa miezi sita, huenda kalibu imeshatupwa.

Kisha osha. Kalibu hupakwa mafuta ili kipande kinasuke, na mafuta hayo yakibaki, rangi itabanduka na kucha yako, tena baada ya kazi yote kuisha. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani. Oshea ndani ya beseni, si kwenye sinki, maana kuna vipande vidogo kuliko punje ya mchele. Acha vikauke usiku kucha.

Sasa vipimo. Bodi ya Type 59 halisi ina urefu wa m 6.04 na upana wa m 3.27. Gawa kwa 35: mm 172.6 kwa mm 93.4. Mtutu ukielekea mbele, urefu wote unakaribia m 9, yaani mm 257 hivi kwenye modeli. Resini husinyaa kidogo inapoganda, na seti iliyonakiliwa kutoka nakala nyingine husinyaa zaidi. Upungufu wa mm 1 kwenye urefu usikunyime usingizi. Ukifika mm 3 au 4, ujue vipande vya kununua kando, hasa madigadi ya shaba (mabati yanayofunika minyororo kwa juu), havitakaa bila kukatwa. Bora ulijue leo kuliko baada ya kulipia mzigo.

Vifaa

Vingi vinapatikana hapahapa Kigoma, Mwanga na mjini. Kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu omba kipande cha kioo cha mm 5, cha sentimita 30 kwa 30, akusagie kingo. Kioo hicho ndicho meza yako ya ukweli, kila kitu kitapimwa juu yake. Kwenye duka la rangi za magari chukua msasa wa maji namba 240, 400, 600 na 1000, praima (rangi ya msingi) ya kijivu ya kupuliza, tina na puti laini. Duka la dawa: sindano za kudungia, na wembe wa upasuaji namba 11 kama wanao. Supa gluu ya madukani inatosha, lakini nunua vichupa vidogo kadhaa badala ya kikubwa kimoja. Gundi hii huganda kwa unyevu wa hewa, na msimu wa mvua Kigoma unyevu ni wa bure. Vihifadhi kwenye chupa iliyofungwa pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ongeza Araldite, gundi ya epoksi ya kuchanganya, kwa viungo vinavyohitaji muda wa kusogezwa.

Vya kuagiza Dar ni drili ndogo ya mkono na biti za mm 0.5 hadi 3. Vernia, kile kipimo cha taya mbili, ya plastiki inatosha.

Usifanye mzaha na vumbi. Vumbi la resini ni laini mno na linaingia mapafuni. Piga msasa kipande kikiwa kimelowa, vaa barakoa ya N95 unapokata kikavu, na usifanyie kazi hii jikoni wala karibu na mtoto.

Kukata shina

Kila kipande kina shina mahali resini ilipoingilia. Kwenye gurudumu ni kama kitufe. Kwenye bodi linaweza kuwa sakafu nzima yenye unene wa mm 5. Usilivunje kwa mkono wala koleo, litang'oka na nyama ya kipande. Weka bodi juu ya kioo, laza penseli juu ya kibao chenye kimo unachotaka, kisha zungusha kibao ili penseli ichore mstari ulio sawa pande zote nne. Kata kwa wembe wa msumeno wa chuma, mm 1 nje ya mstari. Hiyo mm 1 iliyobaki imalizie kwenye msasa namba 240 uliobandikwa juu ya kioo, ukizungusha kwa umbo la nane. Ukisugua mbele na nyuma tu, mkono hulemea upande mmoja na bodi inakuwa na mteremko.

Mashina usiyatupe. Ni resini ileile, kwa hiyo ndiyo ya kujaribia gundi, puti na rangi kabla ya kugusa kazi yenyewe.

Kunyoosha bodi

Hapa ndipo penye kazi, usipaharakishe.

Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 ina unene wa karibu mm 0.1. Kata vijikaratasi vyembamba, weka bodi kwenye kioo, na jaribu kuvipitisha chini ya kila pembe na katikati ya kila upande. Kikipita kimoja, pengo ni mm 0.1, vikipita vitano, ni nusu milimita. Andika namba kwa penseli kwenye bodi palepale. Ukibonyeza pembe mbili zinazokabiliana na bodi ikatikisika, imesokoteka. Katikati ikiwa juu na pembe zote chini, imepinda. Matibabu ya hali hizi mbili si sawa.

Resini ya aina hii hulainika kwa joto la nyuzi 60 hadi 80. Chemsha maji, mimina kwenye beseni pana, subiri dakika mbili tatu. Maji yanayochemka hufanya kingo nyembamba zilegee kabla ya sakafu nene kupata joto. Zamisha bodi dakika 3 hadi 5. Kipande chembamba kama digadi kinatosheka na dakika 1. Kitoe kwa koleo lililofungwa kitambaa.

Iliyopinda ilaze kwenye kioo, ikandamize kwa uzito ulioenea sawasawa. Risasi za nyavu zinazouzwa kwa wavuvi zikishonewa ndani ya mfuko wa kitambaa zinafanya kazi hii vizuri, maana mfuko unafuata umbo. Iache ipoe yenyewe dakika 15. Iliyosokoteka isokote kwa mikono kinyume chake, uipitishe kidogo kupita unyoofu, kisha izamishe kwenye maji baridi ukiwa umeishikilia. Usipoipitisha itarudi, kwa kuwa resini hukumbuka umbo iliyogandia. Pima tena kwa karatasi. Kurudia mara tatu ni kawaida. Ukifika karatasi moja kila pembe, acha. Kutafuta sifuri ni kutafuta ufa.

Bodi ikishanyooka ifungie isirudi. Kata kuta mbili za ndani zitakazosimama kukatiza upana, moja nyuma ya dereva na nyingine mbele ya injini. Kadi kubwa ya plastiki iliyoshikilia laini ya simu ina unene wa mm 0.76 na imenyooka. Gundisha tabaka mbili kwa kila ukuta, zibandike kwa Araldite, na uiache bodi usiku mzima chini ya uzito juu ya kioo. Wengi huruka hatua hii. Modeli zao zinapokaa mwezi mmoja chini ya bati la Tabora mwezi wa Oktoba, zinainua gurudumu moja.

Viputo

Kwa kiputo kilicho wazi, kishawishi ni kumwagia puti. Puti husinyaa, na shimo hurudi baada ya rangi. Panua kwanza kwa biti ili kingo ziwe safi, chomeka ndani kijiti cha plastiki au cha resini kilichochongwa kutoka kwenye shina, dondoshea supa gluu, kata, piga msasa. Kwa vishimo vya sindano changanya supa gluu na poda ya mtoto hadi iwe nzito kidogo. Mchanganyiko huo husuguka karibu sawa na resini. Supa gluu peke yake ikikaa siku mbili huwa ngumu kuliko resini inayoizunguka, na msasa unachimba pembeni badala ya kuishusha.

Viputo vilivyo chini ya ngozi ndivyo vibaya zaidi. Pitisha tochi ya simu nyuma ya kipande chembamba. Sehemu inayong'aa zaidi itoboe kwa sindano sasa hivi, kabla haijajitoboa yenyewe chini ya kidole wakati wa rangi. Kingo za mbele za madigadi na miviringo ya magurudumu ndiko vinakopenda kukaa.

Magurudumu na minyororo

Type 59 ina magurudumu matano makubwa kila upande, na pengo kati ya la kwanza na la pili ni kubwa kuliko mengine. Ukiona modeli yenye mapengo sawa, aliyeijenga hakutazama picha. Sproketi, gurudumu la meno linalozungusha mnyororo, iko nyuma. Gurudumu la kukazia mnyororo liko mbele. Hakuna magurudumu madogo ya juu, kwa hiyo mnyororo unalala juu ya magurudumu yenyewe.

Mikono ya magurudumu kwenye seti za resini huja imevunjika au imelala vibaya. Ikate, toboa shimo la mm 1 kwenye mkono na kwenye bodi, na unganisha kwa pini ya waya wa klipu ya karatasi. Supa gluu peke yake haifai hapa: inashika haraka na inakatika ikisukumwa kwa upande. Tumia Araldite. Gandisha gurudumu la kwanza na la tano kila upande, simamisha bodi kwenye kioo, sukuma mpaka yote manne yaguse, acha ikauke. Kisha weka yaliyobaki, ukilaza rula pembeni ili nyuso zao ziwe kwenye mstari mmoja. Jaribu tena kwa kijikaratasi: kisipite chini ya gurudumu lolote.

Gurudumu la kukazia mnyororo, lile la mbele kabisa, usiligandishe. Kwenye kifaru halisi limekaa kwenye mkono unaozunguka ili mnyororo uweze kukazwa au kulegezwa. Nawe toboa, weka pini, liache lizunguke. Mnyororo ukikosa nusu kipande cha kufunga, au ukizidi, hilo ndilo litakaloamua. Gundi iingie baada ya mnyororo kufungwa.

Mnyororo wa familia hii una vipande karibu 90 kila upande. Ukiwa na vipande vimojamoja, hakikisha una angalau kumi vya akiba, kwani pini za resini hukatika. Ukiwa na mikanda mirefu ya resini, ichovye kwenye maji ya moto kwa sekunde 30, kipande cha sentimita 4 au 5 kwa mara moja, na uizungushe kwenye sproketi ikiwa laini. Mkanda uliopoa usiukunje hata kidogo.

Halafu kulegea kwake. Mnyororo wa chuma una uzito mkubwa: unagusa juu ya magurudumu ya katikati, unazama kidogo kati yao, kisha unapanda kuelekea sproketi nyuma na gurudumu la kukazia mbele. Sindilia vipande vya sponji kati ya mnyororo na digadi ili uubane chini mpaka gundi ikauke. Ukiacha umenyooka kama rula, kifaru kinaonekana cha kuchezea hata kama rangi ni ya fundi mkubwa. Sehemu hii ikikuchosha, pumzika siku moja, maana pande mbili zisizofanana zinaonekana mara moja ukitazama kwa mbele.

Kuboresha

Anza na madigadi. Resini haiwezi kumiminwa nyembamba, kwa hiyo digadi la seti lina unene wa mm 1 au zaidi, sawa na bamba la mm 35 kwenye kifaru halisi. Bati la kopo la soda lina unene wa karibu mm 0.1, yaani mm 3.5 kwa kipimo halisi. Kata digadi la resini, tumia umbo lake kama kielelezo, kata bati kwa mkasi, sugua pande zote mbili kwa msasa 600 ili kuondoa rangi na lakki, kunja kingo juu ya ukingo wa rula ya chuma. Hapa unaweza hata kukunja pembe ya mbele kidogo, kama gari lililogusa mti.

Vishikio vya kwenye tureti, kile kichwa kinachobeba mzinga, vikate vyote. Waya mmoja wa ndani ya kebo ya intaneti una unene wa mm 0.5, sawa na fimbo ya mm 18 hivi. Upitishe kwenye moto wa kiberiti uwe laini, ukunje kwenye ncha ya koleo, toboa mashimo ya mm 0.5, ingiza. Ili vyote visimame kwa kimo kimoja, weka kipande cha kadi ya simu chini ya kila kishikio unapogandisha, kisha kitoe. Kamba ya kuvutia isokote kutoka kwenye nyuzi za waya laini wa umeme mpaka ifikie mm 0.7 au 0.8.

Mtutu wa resini hupinda, na hata ukinyooshwa hurudi. Kama unaweza kuagiza kitu kimoja tu cha ziada, agiza mtutu wa aluminiamu. Asiyeweza achukue antena ya redio iliyokufa: ni mirija ya shaba nyeupe inayoingiliana, imenyooka, na unachagua kipenyo. Kasoro yake ni kwamba haina mchongoko. Ongeza unene upande wa tureti kwa tabaka za supa gluu na poda, funga mrija kwenye drili, uzungushe polepole ndani ya msasa uliokunjwa. Mdomo utobolewe mm 2.8 au 2.9, maana mm 100 ukigawa kwa 35 ndiyo hiyo. Usisahau uvimbe wa kutolea moshi karibu na mdomo.

Mbavu za tureti zilimiminwa chuma, kwa hiyo zina ukwaruzo. Paa lake ni bamba, ni laini. Seti nyingi huchanganya. Lainisha puti kwa tina iwe kama uji mwepesi, igonge kwa brashi ngumu kwenye mbavu tu, na ikikauka pitisha msasa 600 juujuu. Mistari ya kuchomelea tengeneza kwa epoksi ya udongo ile ya kuzibia matanki: viringisha uzi mwembamba, ulaze kwenye kiungo, ubonyeze kwa ncha ya wembe hatua kwa hatua kabla haujakauka.

Rangi na udongo

Praima kwanza, tabaka nyembamba, kutoka sentimita 20 hadi 25. Jaribu kwenye shina na kwenye kipande cha kadi: tina kali ya magari haigusi resini iliyoiva, ila inaweza kulainisha plastiki. Puliza asubuhi. Mchana upepo wa ziwa unaleta vumbi, na siku ya mvua rangi inakauka na ukungu mweupe. Praima itafichua vishimo ulivyodhani umeviziba. Ziba, sugua, puliza tena pale tu.

Mwenye eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa) asiye na kompresa ajaze tairi la akiba kwa fundi pancha, psi 30, na kuunganisha mpira wenye koki. Hewa inatoka bila mtetemo na bila umeme, ingawa inashuka haraka. Kijani cha jeshi mchanganyaji wa rangi za magari atakupa. Mwombe kisichong'aa, na kiwe hafifu kidogo kuliko unavyofikiri, kwani kitu kidogo huonekana cheusi zaidi.

Udongo wetu mwekundu unafaa kabisa kwa vumbi, lakini si kama ulivyookotwa. Punje ya mm 0.1 kwenye kipimo hiki ni kokoto ya mm 3.5. Koroga udongo kwenye maji, hesabu sekunde 30, mimina maji machafu kwenye chombo kingine na uache mchanga ulioshuka. Kesho yake mwaga maji ya juu, kausha tope lililobaki, saga. Paka unga huo kwa brashi kavu, mwingi chini na kwenye minyororo, mchache juu, kisha dondoshea mafuta mepesi ya kupunguzia rangi ili ushike. Ukikauka utaonekana hafifu. Usiongeze mpaka siku inayofuata.

Modeli iliyokamilika usiiache kwenye gari juani wala juu ya kabati linalogusa bati. Resini inalegea kwa joto ambalo plastiki ingelivumilia. Ukisafiri nayo kwa treni au basi, ifunge kwenye kibao kwa skrubu mbili zilizopita chini ya bodi, na mtutu uelekee nyuma.